Adrian Aloyce Sumuni (1984–2025), Tabibu Aliyeponzwa na Shukrani

Mkiitazama ratiba mliyopewa mlangoni mtaona jina la marehemu limeandikwa Adrian Aloyce Sumuni, na mbele yake hakuna Dkt. Mchapaji hakukosea. Wengi wenu mmeshamuuliza dada yake, Sarah, wengine kwa upole na wengine kwa ukali: "Dada, mbona mmemvua Dokta wetu cheo mpaka kwenye jeneza?" Familia haikumvua. Alivuliwa akiwa hai, na jinsi alivyovuliwa ndiyo sehemu kubwa ya wasifu huu, maana mkiachiwa habari nusunusu mtaitia chumvi mpaka isilike. Anayeusoma ni Sarah mwenyewe, hapa Guangzhou, kabla mwili haujaanza safari ya kwenda kuzikwa nyumbani Laela.

Adrian alizaliwa tarehe 14 Aprili 1984 huko Laela, Sumbawanga, mtoto wa tatu wa Mzee Aloyce Sumuni, katekista wa kigango, na marehemu Mama Yustina. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye kupenda kushikashika vitu vilivyovunjika. Siku moja mama alimtuma akamate kuku wa kitoweo kwa ajili ya padri aliyekuwa anakuja kuhudumia kigango. Adrian alimkuta kuku ana mguu uliovunjika. Badala ya kumpeleka jikoni akamfunga mguu kwa vipande vya bua na uzi wa gunia, akamficha chini ya kitanda. Padri alikula maharage. Kuku yule alipona, akabaki anachechemea, akatotoa vifaranga, na Mama Yustina akapiga marufuku asiguswe. Mzee Aloyce alizoea kusema kwamba katika nyumba yake mgonjwa wa kwanza wa Adrian ndiye pekee aliyekataa kufa kabisa.

Alisoma shule ya msingi palepale Laela, akachaguliwa kuingia seminari ndogo mwaka 1998, na watu wa kigango wakaanza kumwita padri kabla hajanyoa ndevu za kwanza. Yeye aliwaeleza wazazi wake mapema kwamba wito wake ni mwingine. Mwaka 2005 alijiunga na chuo cha udaktari Dar es Salaam, akahitimu mwaka 2010. Siku ya mahafali Mzee Aloyce alivaa suti ya kuazima, na suruali ilikuwa fupi, na hakujali hata kidogo. Alizunguka ukumbini akiwaambia watu asiowajua, "Yule pale ni wangu, yule mrefu." Baada ya mwaka wa mafunzo kazini, jina la Adrian liliandikwa katika daftari la madaktari la baraza lao. Huko ndiko jina lake lilikokaa, na huko ndiko alikotaka libaki.

Tarehe 6 Septemba 2014 alifunga ndoa takatifu na Felisia, mwalimu wa hisabati wa sekondari. Walikutana katika foleni ya kupima uzito wa watoto, Felisia alikuwa amembeba mtoto wa jirani, Adrian akamwita "mama mtoto", naye akamjibu, "Mimi bado, daktari, labda unitafutie baba yake." Maneno hayo aliyasema kwa utani, akayalipa kwa kuvaa shela. Mungu aliwajalia watoto wawili, William na Nikodemu. Felisia hakuweza kuwa nasi hapa. Viza yake ilitoka mumewe akiwa ameshafumba macho. Anatusikiliza kwa simu iliyowekwa karibu na maua, kwa hiyo tunaomba wenye kukohoa wasogee pembeni kidogo.

Sasa kazi. Adrian alifanya kazi miaka kadhaa katika hospitali moja ya wilaya ambayo hatuitaji jina. Alikuwa daktari mzuri. Wagonjwa walimpenda, wauguzi walimpenda, na hilo tunalisema bila aibu. Lakini familia ya katekista haitamzika mtu kwa sifa tupu, kwa hiyo na hili tunalisema. Mchana mmoja wa Februari mwaka 2022, akiwa zamu wodi ya wazazi, alitoka kwenda kwenye zahanati ya mtu binafsi upande wa pili wa mji, kufanya kibarua. Alizoea kufanya hivyo, na wenzake wengi walizoea. Nyuma yake akaja mama wa kujifungua akitokwa na damu. Muuguzi alipiga simu, ikaita ndani ya koti lililotundikwa ukutani kule zahanati, kwa kuwa Adrian mwenyewe alikuwa amevaa glavu akimshona mtu ngiri. Aliporudi, mama yule alikuwa ameshafariki. Mtoto wake alipona. Jina la mama huyo hatulitaji kwa sababu wenye msiba ule hawakutupa ruhusa, na Adrian hakuwahi kulitaja mbele za watu, ila kila Februari alimwombea misa.

Wenzake walimshauri aseme gari liliharibika. Walimshauri aseme alikuwa ameaga. Alipoitwa mbele ya baraza la madaktari alisema, "Aliyekuwa zamu ni mimi." Tarehe 16 Mei 2022 baraza lilimsimamisha udaktari kwa miaka mitatu, kwa sharti kwamba katika muda huo asimpime mtu, asimtibu mtu, asijitangaze, na akitimiza, jina lake lirudishiwe nguvu. Hakukata rufaa. Alimwambia Sarah kwamba adhabu hiyo ilikuwa ndogo kuliko kosa, na kwamba ataitumikia yote, asidokoe hata chembe.

Ndipo Sarah akamwita Guangzhou. Ofisi yake ya kusafirisha mizigo ilihitaji mtu mwaminifu, naye Adrian alihitaji mahali ambapo hakuna anayemjua. La kwanza lilitimia. Alifika Machi 2023, akashika futi ya kupimia katoni, akajifunza kupanga mizigo ndani ya kontena bila kuacha nafasi ya panya kupita, akawa anaongozana na malori mpaka bandari ya Nansha. Nyumbani majirani waliambiwa ameenda kusoma. Walipouliza anasomea nini, Felisia aliwajibu, "Mambo ya kupima," na kwa kweli hakuwa mwongo.

La pili halikutimia. Watu wetu wana pua. Kabla mwezi haujaisha Xiaobei nzima, mtaa wetu wa Waafrika, ilijua kwamba yule mrefu wa kwa Sarah ni daktari, wakamwita Dokta. Akawaomba wamwite Adrian, wakasema, "Sawa, Dokta." Hospitali za hapa zina lugha yake na foleni yake, na Mswahili akiumwa ugenini humtafuta kwanza mtu wa kwao. Kwa hiyo walimjia na matumbo, magoti na vifua vyao. Mzee Nassor wa Unguja, ambaye amekaa hapo safu ya mbele, alikuwa kinara.

"Dokta, hebu nitazame kifua hichi. Kutazama si kutibu."

"Mzee Nassor, kutazama ndiko kutibu kwenyewe. Hapa meiyou dokta, hakuna. Kuna katoni tu."

"Basi nipime kama katoni."

Adrian alicheka, akamwita kijana wa kukodisha ajuaye Kichina, akampeleka mzee hospitali, akakaa naye kwenye benchi mpaka akaitwa. Hakumgusa hata mkono. Hivyo ndivyo alivyoishi mwaka mzima na zaidi, akiwasindikiza wagonjwa mpaka mlangoni mwa madaktari wengine. Sarah alimwona akirudi kutoka safari hizo amenywea.

Tarehe 20 Novemba 2024, ikiwa imebaki miezi michache tu adhabu iishe, Adrian alikwenda Kangle, mtaa wa mafundi cherehani, kuchukua mzigo wa Careen, dada yetu wa Kahama anayenunua nguo za watoto. Alimkuta kwenye karakana ya ushonaji ameinama juu ya marobota, akilalamika kwamba tumbo linamkata na bega linamuuma. Mwenye karakana alikuwa anampepea kwa kipande cha katoni. Adrian alimwangalia usoni akajua. Alimlaza chini, akambonyeza tumbo kidogo, akafunua kope za macho, akamuuliza mara ya mwisho aliona siku zake lini. Kisha akampigia Sarah: "Ita gari la wagonjwa, waambie kwa Kichina mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na imepasuka. Waambie chumba cha upasuaji kiwe tayari." Sarah akawaambia neno kwa neno. Walimpasua Careen saa hiyohiyo, wakamkuta kama alivyosema Adrian. Daktari wa pale alimwambia Sarah kwamba wangechelewa kidogo, angekuwa maiti.

Careen akapona, na hapo ndipo msiba wa Adrian ulipoanzia. Sisi wafanyabiashara wa hapa tuna desturi moja njema. Ukipata laoban, mwenye duka wa Kichina, aliye mwaminifu, mwenye bei nzuri na mzigo usiochuja, humfichi; unamtangaza kwenye kundi la simu, na picha yake, na jengo lake, na ghorofa, ili na wenzako wafaidike. Kunyamaza ni uchoyo. Careen alimshukuru Adrian kwa namna hiyohiyo aliyozoea. Aliandika: "Wapendwa, mlinipa laoban mzuri wa soko la Shisanhang, na mimi nawapa mtu mzuri. Dokta Adrian, ofisi ya dada Sarah, Xiaobei, ghorofa ya nne. Amenitibu mimi nikiwa nakata roho. Ana mkono mwepesi, hana maringo. Mwenye shida asiogope, aende." Akabandika na picha ya Adrian akitabasamu, futi shingoni kama kile chombo cha kusikilizia mapigo ya moyo.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Hii haikuwa ya punda, ilitoka moyoni mwa binadamu mwema, na iliumiza kuliko teke. Sarah aliiona akamwomba aifute, naye akaifuta kwa haraka huku akilia. Lakini watu walikuwa wameshaisambaza, kutoka kundi hadi kundi, mpaka nyumbani. Nani aliipeleka kwenye baraza hatujui, na Adrian alitukataza tusimtafute. Barua ikaja: anatuhumiwa kutibu na kujitangaza akiwa amesimamishwa.

Shauri lilisikilizwa kwa video mwezi Februari 2025, tarakilishi ikiwa juu ya katoni ofisini kwa Sarah. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, na tunamshuhudia kwamba hakuwa na chuki. Careen alikuwa shahidi wa Adrian. Alivaa kitenge chake kizuri. Alikuja akiwa ameamua kumsifu Adrian mpaka baraza lilainike, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba mbele ya baraza lile sifa ndiyo mashtaka yenyewe.

"Alikupima?" mwenyekiti aliuliza.

"Vizuri sana, mama! Tumbo, macho, na maswali ya kina."

"Alikuambia unaumwa nini?"

"Ndiyo, na ndicho walichokikuta."

Sarah alimkanyaga mguu chini ya meza. Careen akadhani anatiwa moyo, akaongeza sauti.

Hata hivyo Mungu alikuwa bado hajatufungia mlango. Mwenyekiti alishauriana na wenzake, kisha akasema kwamba dharura ni dharura; mtu hawezi kuadhibiwa kwa kutomwacha mwenzake afe sakafuni; na tangazo hakuliandika yeye. Sarah alimwona Adrian akishusha mabega, mabega aliyoyabeba juu tangu ule mwaka wa mama wa wodini. Kisha mwenyekiti, kwa uungwana tu, kama watu waungwana wanavyofunga kikao, akamuuliza shahidi kama ana la kuongeza.

"Ninalo, mama," Careen alisema. "Msione alinisaidia siku ile tu akaniacha. Hata nyuzi za kidonda alinitoa yeye, chumbani kwangu, sikusikia maumivu. Kila siku alikuja kunisafisha. Daktari wa namna hiyo mtampata wapi?"

Jambo hilo hata Sarah hakulijua. Siku zile alikuwa mji wa Yiwu kwa mzigo, na Careen aliogopa kurudi hospitali bila mtu wa kumsemea. Alimwomba Adrian: "Ni kukata nyuzi tu, Dokta, hata binti wa Kangle anakata kutwa nzima." Adrian alikataa mara ya kwanza, na ya pili. Sarah alikumbuka sasa kwamba aliporudi kutoka Yiwu alimkuta kaka mtu anaimba jikoni, amepika ugali na sato, na alipomuuliza kulikoni, alisema amefurahi tu. Baadaye Adrian alimweleza ukweli. Alisema mikono ilikuwa inamwasha. Alisema kwamba kwa siku zile chache alikuwa mtu tena.

Mwenyekiti aliyaandika maneno hayo. Kisha akamuuliza Adrian kama ni kweli. Hapakuwa na picha wala shahidi mwingine, na Careen alikuwa ameshaanza kuona nyuso za watu, akafungua mdomo ili ayameze maneno yake. Adrian alimzuia kwa mkono.

"Ni kweli," alisema. "Kidonda hakikuwa dharura. Nilipenda kukitibu."

Jina lake lilifutwa katika daftari la madaktari. Mwenyekiti alipoisoma hukumu aliiacha katikati, akanywa maji, akaendelea. Careen alipiga magoti palepale kwenye mabaki ya gundi ya katoni, akimwambia yule mama kwenye kioo, "Nifuteni mimi, jamani!" Lakini yeye hakuwa na jina katika daftari lile. Adrian alimwinua, akamwambia, "Careen, umesema kweli, na mimi nimesema kweli. Tukale." Hawakula.

Tuliandika rufaa. Mzee Aloyce, ambaye hakuwahi kuomba kitu serikalini, alitia sahihi yake kwenye maelezo ya kuomba huruma. Rufaa ilipangiwa mwezi Novemba 2025, nasi tukaanza kuhesabu na kuomba.

Mwezi Juni Adrian alianza kukonda. Ngozi ilimwasha, macho yakawa na rangi ya manjano. Sarah alimuuliza ana nini. Akajibu, "Siruhusiwi kutamka ugonjwa." Akacheka mwenyewe. Sarah hakucheka, na mpaka leo maneno hayo yanamchoma. Adrian alikuwa anajua. Alikwenda hospitali peke yake, kimya, na madaktari wa hapa walimwambia lililokuwa tayari kichwani mwake: uvimbe kwenye kongosho, umeshatambaa, haupasuliki. Alimshukuru yule daktari, akamuuliza maswali mawili ya kitaalamu kupitia kwa mkalimani. Daktari akamuuliza kazi yake. Alisema anapima katoni.

Alitaka kwenda nyumbani. Shirika la ndege lilitaka mgonjwa awe na nguvu ambazo yeye hakuwa nazo tena. Felisia alihangaikia viza, Sarah alihangaikia ndege, Mzee Nassor alileta maji ya kisomo na kuyaweka kando ya rozari bila kubishana na mtu, na Careen alileta uji kila siku ambao mgonjwa alionja kijiko kwa ajili yake. Hakuna tulichofanya kilichofika kwa wakati. Siku za mwisho aliuliza swali moja tu, akaliuliza tena na tena: "Novemba bado?" Nasi tulimjibu, "Karibu." Alifariki Alhamisi tarehe 23 Oktoba 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa dada yake.

Sarah alipiga simu kwa katibu wa baraza. Katibu alimpa pole za dhati, kisha akamweleza kwamba rufaa ya aliyefariki haisikilizwi. Inafungwa. Haikukataliwa wala haikukubaliwa. Sarah akauliza kama tunaweza kuandika Dkt. kwenye jeneza. Katibu akasema, "Dada, hakuna atakayekuja kuwakamata msibani." Tulimpelekea Mzee Aloyce swali hilo Laela. Akasema, "Alisema kweli mara mbili ikamgharimu. Tusimzike na uongo." Ndiyo sababu ratiba yenu iko vile ilivyo. Tungependa iwe vingine. Hatukuweza.

Adrian ameacha mjane, Felisia, watoto wawili, William na Nikodemu, baba yake, Mzee Aloyce, dada zake, Sarah na Modesta, kaka yake, Renatus, na wapwa. Ameacha pia ninyi mliomwita Dokta alipowakataza, na leo hakuna wa kuwakataza.

Bwana amlaze pema huyu mtumishi wake, na ampe amani ambayo sisi tuliihangaikia tukashindwa kuipata.

Careen ameomba asisimame katika sehemu ya shukrani. Anasema kinywa chake kimeshaua mtu. Familia imekaa naye, na Felisia ameongea naye kwa simu, na sote tumemwambia jambo moja. Asimame. Aeleze alivyopimwa, alivyosafishwa, alivyotolewa nyuzi bila maumivu, aseme yote na asibakize neno. Hayawezi kumdhuru tena.